Duka Lisilohama

Fundi Mwinjuma alipanda ngazi ya kuazima
akachora juu ya mlango wangu, kwa rangi ya samawati:
STATIONARY.
Nikamlipa elfu kumi na tano na soda.

Miezi minane ikapita, ndipo mtoto wa kidato cha pili,
kaja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa,
akanionyesha kwamba A imekalia kiti cha E,
na kwamba Tandika nzima sikuitangazia
karatasi wala bahasha wala kalamu,
nimeitangazia tu kwamba sisogei.
Alicheka hadi sarafu zikamdondoka.
Nikageuka nikatazama ndani: mashine ileile, feni ileile,
kodi ya miezi sita naisotea kwa mafungu.
Kibao hakikusema uongo. Nikakiacha.

Ila tangu siku ile nachambua Kiingereza
kama mchele kwenye ungo, jicho karibu na chembe.
Semeni wa chakula kaniletea menyu: lice na maharage,
nakala hamsini. Nikamwambia, Semeni, hii ni chawa.
Akasema, acha, mjini hapa
chawa wana soko kuliko wali.

Na yapo maneno manne: kofia, kibanda, moyo, kuumia.
Wenyewe kila moja wamelipa chumba chake;
mdomoni mwangu yote yamepanga chumba kimoja,
yote yanaitwa hati,
na hati kwangu ni ya kiwanja ambacho sina.

Ulimboka, mlinzi wa geti huko Masaki,
alikaa mwenyewe kwenye kibodi, kidole kimoja kimoja.
Mama yake anaumwa, Kyela. Anaomba likizo.
Karatasi ikatoka ya moto, nikaisoma:
hakuandika leave. Aliandika live.
Ndugu Meneja, naomba kuishi
siku kumi na nne, kuanzia Jumatatu.

Nilishika kalamu nyekundu. Nikamtazama:
viatu vya zamu ya usiku, macho ya zamu ya usiku.
“Kuna kosa?”
“Dogo,” nikasema. “Ngoja nirekebishe.”
Umeme ukakatika.

Tukasubiri. Feni ikamaliza mizunguko iliyobaki nayo.
Ofisi yao inafungwa saa kumi.
Akaisaini vilevile ilivyo,
akaikunja mara mbili, akaondoka.

Wiki ya tatu alirudi, mashavu yamejaa.
Akaweka mezani mchele wa kwao, kilo tatu, kwenye kiroba.
Mama hajambo kidogo.
Meneja aliisomaje ile barua,
sikuuliza, naye hakusema.

Jioni niliumwaga kwenye ungo nikaupekua,
mazoea tu.
Yule mtoto akapita na begi mgongoni,
akainua macho juu ya mlango,
akacheka tena, kama ndiyo kwanza.