Haijapatikana

Chumba namba saba, nyuma ya ofisi ya uvuvi, Nyegezi.
Funguo ninazo mimi. Panya wana zao.
Rafu zimepinda migongo
kama akina mama wanaoanika dagaa.

Leo amekuja Nyanjura, mjane, kutoka Ukara,
viatu mkononi, tiketi ya kivuko ndani ya leso.
Anataka karatasi moja tu:
kwamba marehemu Mazigo Bahebe
alikaa mwaloni miaka ishirini na sita
akihesabu samaki wa watu,
kalamu sikioni,
na kwamba alikuwa mwajiriwa.

Nimeandika jina kwenye kompyuta.
Imefikiri. Haijapatikana.
Nimeandika Maziku, nimeandika Masigo,
maana karani wa zamani alisikia kwa sikio la kwao.
Haijapatikana.

Nikamshushia kasha ninalolijua:
disketi nyeusi, mia na nne,
kila moja ina mwandiko wa mumewe.
Furu, Machi. Ningu, Novemba.
Mradi ulikuja na mashine, ukaondoka na mashine.
Nimeuliza hadi kwa mafundi wa Makoroboi:
mmoja alicheka,
mwingine akataka kuzinunua kwa kilo.

Ningu ameadimika ziwani.
Hesabu yake nayo imezama, humu, pakavu.

Madaftari ya kabla ya hapo?
Mchwa wameyasoma,
hawakuruka ukurasa,
hawakusaini.

"Kwa hiyo maneno yamo, ila hayasemi,"
akasema Nyanjura, akizigusa.
"Kama yeye, miezi ile ya mwisho."

Simu yake ikalia.
Sato wa Kirumba wana sumu, tuma kwa watu kumi.
Mara ya tatu tangu asubuhi.
Uongo huo hauna namba ya rafu,
haukujaza fomu, haukungoja mkurugenzi arudi Dodoma,
na ulifika Ukara kabla ya kivuko.
Majibu ya maabara yamo humu humu,
ndani ya faili lililoandikwa Mengineyo.

Ah, Mengineyo!
Waliotuletea vichwa vya mafaili hawakuwahi kula furu.
Furu wote, wa mwambani, wa matopeni, mwenye mkia mwekundu,
wamepewa mstari mmoja.
Kilichobaki, yaani ziwa lenyewe,
tumekisukumia Mengineyo.

Akafungua leso tena.
Daftari la shule, jalada limeng'oka.
"Kila jioni alinakili. Mashine hakuiamini."
Nikasoma bila umeme, bila nywila:
sangara kilo mia mbili na kumi, mvua,
sukari ya mkopo, mtoto ana homa,
furu wanne tu, sijui kuna nini.

Sijui kuna nini.
Hakuna safu ya neno hilo katika fomu zetu.

Kanuni nazijua: daftari la nyumbani si kumbukumbu,
halina muhuri.
Muhuri ninao mimi, droo ya chini.
Nikautoa. Wino ulikuwa umekauka.
Nikaupumulia.