Mpima Karafuu Apika Keki

Miaka thelathini na moja nimepima karafuu hapa Wete.
Magunia yalikuja na jasho la Mtambwe, na vumbi la Kinyasini,
nami nikasoma namba kwa sauti, mkulima asikie,
wala sikumpunja mtu hata konyo.

Leo napima sukari.
Kijiko kimoja. Nusu ya pili. Basi.
Mizani yenyewe ndogo kama kisahani cha chai,
Raya kaileta kutoka Maskati, inahesabu mpaka pumzi:
nikiinama karibu, namba inaruka.

Mize yuko kitini, mlangoni mwa jiko,
mguu wenye kidonda kauweka juu ya kigoda.
Huyu ndiye aliyepika keki za harusi mpaka Konde,
ghorofa tatu, siagi bati zima, mayai trei nzima,
sukari akiimimina bila kutazama
kama mtu anayemwaga maji ya udhu.
Sasa muuguzi kamwandikia kwenye daftari la kliniki:
vitamu kwa nadra. Kipande, gramu hamsini.
Na chini yake kapiga mstari mara mbili.

"Karoti hizo umezitoa wapi?"
Kwa Shaame, nasema. Zimevuka kutoka Tanga,
zimechoka kama abiria wa meli ya usiku.
Naziparuza. Kidole gumba nacho kinaparuzika.
"Ati na nyama unatia?"
Nacheka, nanyonya kidole, naendelea.

Tende nane, nimeziroweka tangu alfajiri,
zimelainika kama maneno ya mkwe anayeomba kitu.
Mtindi mahali pa siagi. Mayai mawili.
Unga wa atta, ambao Mize anauita unga wa adhabu.
Mdalasini. Iliki.
Kisha nakwama, mkononi nina karafuu tatu.

"Moja," anasema.
"Tatu utapika dawa ya jino."

Nimesimama pale na chembe moja kiganjani.
Tani ngapi zimepita mbele yangu!
Nilijua ukavu wake kwa kuivunja tu,
nilijua bei, nilijua nani kachanganya makonyo,
sikujua kuwa moja
inatosha keki nzima.

Makaa kidogo chini, mengi juu ya mfuniko.
"Usifunue."
Nikafunua.
Ikazama katikati kama godoro la chumba cha wageni.
Nikachoma chelewa, ikatoka kavu, alhamdulillahi,
na harufu ikavuka ua
mpaka Bi Mkasi wa nyumba ya pili
akauliza kwa sauti nani anaolewa.

"Hakuna," Mize akamjibu. "Mwanamme kastaafu."

Akaikata mwenyewe, kisu hakikutetemeka,
kile kile kilichowagawia wageni mia tatu wakatosheka.
Akaonja ncha tu. Akafumba macho.
Nikasubiri, mikono nyuma, kama mkulima siku ya mauzo.
"Haina raha," akasema.
Akatafuna tena.
"Lakini ina adabu."

"Haya, nipimie changu."
Nikakiweka kipande juu ya mizani, nikajivuta nyuma,
nikabana pumzi.
Miwani yake iko chumbani. Ananitazama mdomo.
Sitini na nane.
"Hamsini," nikasoma, kwa sauti, asikie.

Akala polepole mpaka chembe ya mwisho,
zile zilizobaki mezani akaziokota kwa ncha ya kidole kilicholowa.
"Miaka thelathini na moja," akasema,
"na bado hujui kusema uongo.
Nenda kaoshe hicho kiparuzio, karoti zitagandia."