Ufunguo wa Kwanza

Mwaka wa kwanza nilipewa ufunguo mmoja,
wa shaba, mzito kama neno la baba mkwe,
wa ukumbi wa Mtakatifu Aidani, nyuma ya kanisa,
Wirrandale, mji wa ngano na inzi,
mwendo wa saa tatu kutoka Perth ukiwa na haraka,
na hakuna aliyekuwa na haraka.

Viti thelathini na kimoja. Nilivihesabu mimi, Glenys,
karani, mpiga kengele, mfunga vidonda vya magoti.
Watoto ishirini na sita,
wavulana kumi na wanne, wasichana kumi na wawili,
bomba moja la maji, na foleni
iliyowafundisha usawa kabla ya mwalimu yeyote.
Padri Pettifer akasali. Inzi akamwingia mdomoni.
Akammeza, akaendelea na Baba Yetu.
Hivyo ndivyo tulivyozinduliwa.

Haba na haba hujaza kibaba, watu husema.
Kibaba chetu kilikuwa na tundu.
Serikali ilitupa kidogo, dayosisi ikatupa baraka,
wazazi wakatupa keki
na kondoo dume mmoja wa kupigwa mnada,
aliyekula nusu ya bustani kabla hajapata mteja.

Mwaka wa tatu madarasa yalikuja usiku
juu ya malori, yamekatwa katikati kama mikate,
taa za njano zikimulika mikalitusi.
Hadi asubuhi yalikuwa yameungwa.
Mshono ulipitisha upepo miaka kumi na moja.
Funguo nne.

Februari bati lilipiga kelele za joto.
Septemba ndege weusi-weupe walitushukia vichwani,
watoto wakavaa ndoo za aiskrimu
zilizochorwa macho kisogoni,
na askofu alipokuja kubariki maabara
naye tukampa yake.

Danica Vukovich alikaa karibu na mlango.
Baba yake, mkata manyoya, mgongo ulimvunjika.
Ankara ya karo niliiweka chini ya karatasi za kaboni,
nikaisahau kwa bidii.
Mhasibu akaipata mwezi wa sita.
Sikufukuzwa mimi.
Aliondoka yeye, kimya, Jumatatu moja,
kofia yake ikabaki kwenye ndoano.

Ripoti ya mwaka ule ilisema tumekua:
wanafunzi mia moja na tisa.
Ni kweli. Niliipiga chapa mwenyewe.
Hesabu ya kujumlisha haina safu ya kofia.

Kisha mgodi ukafunguliwa, na barabara ya lami,
na majina kwenye rejista yakarefuka;
ulimi wangu ukaenda shule pamoja nao:
Thuy, Siosaia, Harpreet,
na kina Yarran, Wanyungari,
ambao ardhi hii iliwajua kabla haijajua seng'enge.
Tukajenga kanisa dogo la vioo. Tukajenga bwawa.
Mti ulioangushwa kupisha bwawa
nilisaini mimi, kwa niaba ya mkuu, aliyekuwa likizoni.

Shule ya kutwa ina tabia yake.
Saa tisa alasiri mabasi saba yanaimeza yote,
vumbi linatua, bomba linadondoka,
na mtu mwenye funguo anabaki
na vyumba arobaini vinavyonuka ndizi na chaki.
Nilizunguka nikifunga. Kitanzi kilinichubua nyonga.
Nyumbani mume wangu alinisikia tangu langoni.
"Magereza yamerudi," alikuwa akisema, Mungu amrehemu.

Siku hizi ni kadi. Nyembamba, nyeupe,
inagusa, mlango unalia kama kifaranga.
Wanafunzi mia sita na arobaini.
Ukumbi wa kwanza ni stoo ya viti vibovu,
na kitasa chake kimebadilishwa.

Wiki hii nimestaafu. Kulikuwa na hotuba, na keki,
safari hii ya kununuliwa.
Waliniuliza ninataka nini cha ukumbusho,
nikaomba ule wa shaba, usiofungua kitu.
Wamenipa ndani ya kisanduku chenye kitambaa cha bluu.

Kofia nimeichukua bila kuomba.