Mti Hulia Kwanza

Jumatatu walikuja watatu, Shivachi mweka hazina mbele,
daftari kwapani, futikamba mkononi,
viatu vimevaa tope jekundu la Ikolomani
ambalo halifuliki, linahama tu kutoka nguo hadi beseni.

"Mama Lung'aho," akaanza, "tumeuongezea mgodi umri.
Miaka minne. Pampu inatoka Kisumu Alhamisi.
Tunashuka futi sitini chini ya pale Wazungu walipochoka."
Alilitamka neno umri kama daktari
anayetoka chumba cha upasuaji akivua glavu.

Nikamimina chai. Nilijua kilichomleta.
Mgodi ule hauishi kwa dhahabu.
Unaishi kwa mikaratusi yangu.

Niliipanda mwaka aliofariki Ligare, miche mia na ishirini,
kwa mkopo wa chama, kwenye shamba lililokwisha kuchoka mahindi.
Majirani wakanisema: mti huo ni mlevi,
utainywa chemchemi mpaka ubakishe tope.
Ukainywa kweli.
Tukaanza kuteka bondeni,
shingo zikajifunza hesabu za kilima, mtungi kwa mtungi.

Sasa mingi iko chini.
Imesimama tena, bila jani, bila ndege,
imekibeba kilima kwa utosi,
na maji yaleyale iliyoyanywa huku juu
yameikuta kule, yameishika magoti.
Deni halipotei njia.

Lung'aho wangu ndiye anayeisimamisha.
Nilimuuliza siku moja kwa nini hawanunui chuma,
akacheka, vumbi likamdondoka kwenye nyusi:
"Chuma hakisemi, mama. Kinanyamaza mpaka siku ya kukuua.
Mkaratusi hulia kwanza.
Unalia kama mlango wetu wa jikoni.
Tukiusikia tunatupa sururu, tunapanda mbio,
tunakaa juani, tunahesabiana."

Miaka minne.
Ni Khasandi kutoka kidato cha kwanza hadi cha mwisho.
Ni bati juu ya nyumba, ni deni la duka la Musundi.
Imbuga, aliyetoboa jiwe lile miaka kumi na moja,
amelala nyuma ya ukuta wa udongo akikohoa unga mweupe,
na hakuna kikao kilichoketi
kumwongezea hata mwezi.

Shivachi akahesabu miti, akaikumbatia mmoja mmoja
kwa kamba yake. Thelathini na mmoja.
Akataka kwa mia tisa. Nikasema elfu moja na mia mbili.
Tukavutana hadi chai ikapoa.

Ndipo yule kijana wa tatu, asiyejua kunyamaza,
akasema dhahabu iliyobaki si ya chini pekee.
Ipo ndani ya nguzo ya jiwe, ile ya katikati,
ambayo wa kale waliiacha bila kuigusa
ili paa lipate pa kuegemea.
"Hiyo tutaitoa kwanza," akasema.

"Na mtaweka nini mahali pake?"

Hakuna aliyejibu. Shivachi alifunga daftari.
Kijana akatazama shambani,
nami nikatazama alikotazama:
upepo ulikuwa ukipita kwenye majani,
vigogo vyembamba vikiyumba pamoja, vikiwa bado vinanukia dawa ya kifua.

Nimeuza thelathini.
Msinihukumu kabla hamjalipa karo.
Ule uliopinda nimeubakiza, haufai kubeba kitu,
na mabanzi yake hayatoshi hata kuchemshia maharagwe.

Ijumaa Khasandi alileta mafuta kidogo kwenye kifuniko cha chupa
apake bawaba za mlango wa jikoni.
Nikamwambia auache.

Jana usiku, zamu ya Lung'aho,
upepo ulitoka upande wa Iguhu, ukausukuma.
Ukalia.
Nikaketi kitandani gizani,
nikaanza kuhesabu watu.