Taa ya Kukagulia Noti

Mlango wa mninga bado sina.
Nina wa mabati. Fundi Kibwana aliufunga Ijumaa
akiwahi swala,
akaacha uwazi chini, upana wa kidole gumba.
"Hapo utamwaga zege baadaye, Mama Tunu."
Baadaye ya Kivule haina tarehe.

Nyumba njema si mlango, wanasema.
Waliosema hawakulaza godoro sakafuni
na mtoto wa miaka minne katikati.

Wa kwanza nilimkuta kwenye kiatu cha chekechea,
cha kushoto,
mkia umekunjwa kama kulabu ya buchani.
Tangu siku hiyo nakung'uta kila kitu,
khanga, sare, gunia la mkaa,
na Tunu naye anakung'utwa, anacheka,
anadhani ni mchezo.

Ushauri haukukosekana.
Mama Zawena: mafuta ya taa kando ya kuta.
Yule wa duka la mifugo akaniuzia ya kupuliza,
tukakohoa siku mbili, mimi na mwanangu.
Mwingine akasema fuga kuku, kuku humla nge.
Nikanunua wawili. Wakaibwa wiki hiyo hiyo.
Nge hawakuibwa.

Nikahamisha rundo la matofali, moja moja,
na mirunda iliyobaki kwenye lenta,
hatua thelathini kutoka ukutani.
Chini ya kila tofali palikuwa na kaubaridi,
kakivuli ka mtu aliyekwishapanga vyombo.

Mimi ni wakala. Kibanda changu kiko kituoni.
Kutwa nakagua noti za elfu kumi
kwa kitaa cha zambarau.
Usiku ule umeme ulikatika, simu imekufa,
nikaona bora kitaa hicho kuliko giza.
Nikamulika ukutani.

Akawaka.
Kijani, kama ile tasbihi ya kuwaka gizani
aliyoileta shangazi kutoka Kariakoo.
Na mwingine juu ya swichi. Na mwingine.
Nilihesabu wanane, nikaacha kuhesabu.
Kazini, karatasi inayowaka mwili mzima ni bandia.
Hapa anayewaka ndiye halisi.

Saba niliwamaliza kwa kandambili.
Sijutii.

Wa nane alikuwa chini ya mlango, pale penye uwazi,
amebeba wanawe mgongoni.
Wenyewe hawawaki bado,
weupe tu, kama chenga za mchele.
Nikakumbuka siku ya kuuziana kiwanja,
hatua ishirini kwa ishirini.
Mjumbe aliuliza mara tatu: kuna mwenye pingamizi?
Jirani wa kaskazini akatia sahihi, wa kusini dole gumba.
Pori likanyamaza.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Nimesimama na ndala mkononi
sijui ni nani kati yetu anayeambiwa njoo.

Nikamfunika kwa kopo la maziwa,
nikapitisha kadibodi chini yake, taratibu,
nikavuka naye ng'ambo ya matofali, ng'ambo ya kigingi,
mpaka bondeni kwenye magugu. Mbwa wa watu wakibweka.
Usifikiri ni huruma.
Nilichoka tu kuua aliyebeba.

Asubuhi, kamisheni ya wiki nzima
ikawa nusu mfuko wa saruji.
Zege nilikoroga mwenyewe, kwa koleo la kuazima.
Uwazi sasa hauingizi hata wembe.
Tunu akachapa vidole vyake pale kizingitini
kabla hapajakauka; nikamwacha.

Lakini bado, kabla ya kulala, nawasha kitaa.
Kona. Dari isiyo na dari. Ndani ya ndala.
Hakuna.
Kisha namulika godoro,
na shati la Tunu, nililolifua jana kwa sabuni ya unga,
linawaka lote, buluu, kifuani mwake,
linapanda, linashuka.
Nalitazama kama noti nisiyotaka kuirudisha.

Nazima.