Kona Isiyo na Sababu

Kopo la rangi ya njano, lita nne,
brashi iliyonyonyoka nywele upande mmoja,
kamba ya mita hamsini yenye fundo kila tano:
ndivyo vifaa nilivyosainia
Jumatatu asubuhi, ofisi ya misitu, Sikonge.
Kazi: kuweka alama njia ya wageni
kutoka kizuizini hadi bwawani, kilomita sita na nusu,
mshale kila kamba moja,
usawa wa macho.
"Macho ya nani?" niliuliza.
Bwana Mhoja akanitazama juu ya miwani.
Sikuuliza tena.

Njia yenyewe hatukuitengeneza.
Tuliikuta imelala kati ya miyombo na mitundu,
nyembamba, ya mtu mmoja na kapu lake,
imekanyagwa na wachuma uyoga,
na warina asali wenye mizinga ya magome begani,
na digidigi, ambaye kibali hana.
Sisi tuliongeza mabenchi mawili, choo,
na kibao cha USITUPE TAKA
ambacho mchwa walianza kukisoma
kutoka chini kwenda juu.
Mbung'o tuliwakuta pia.
Wao humuuma mwenyeji na mgeni kwa bei moja.

Kamba ya arobaini na saba,
njia ikapinda.
Ghafla tu, kushoto,
ikazunguka kama inayomkwepa mdai,
hatua kumi na tano, kisha ikarudi mahali pake.
Nilitafuta jiwe. Nilitafuta shimo, kichuguu.
Majani makavu, basi,
na udongo mweusi kidogo kuliko wa kando.

Lusajo, aliyetoka chuo majuzi,
akasoma kifaa chake kiganjani:
"Tuinyooshe. Tunaokoa mita kumi na moja."
Nikachomoa panga.
Jua lilikuwa limeshaegemea,
nikasema tutanyoosha kesho.

Nyumbani mama alikuwa anachambua uyoga,
wenye mchanga huku, wenye funza kule.
Nikamweleza ile kona isiyo na sababu.
Hakuinua uso.
"Mninga," akasema.
"Ulianguka mwaka niliokuwa na mimba yako.
Shina lake hadi hapa kifuani.
Ningelirukaje, na tumbo lile?
Nikalizunguka.
Mama Sizya alikuwa nyuma yangu, naye akazunguka,
ingawa yeye tumbo hakuwa nalo."
Akatupa mmoja wenye funza.
"Kwani bado linapinda?"

Mti mchwa waliula.
Kilichobaki, moto wa kiangazi ukakilamba.
Mimi nikazaliwa, nikaota meno, nikafeli hesabu,
nikaajiriwa kwa kutwa,
na miguu ya watu imeendelea kuliheshimu gogo
ambalo halipo.

Kesho yake panga halikutoka kwenye ala.
Lusajo alinikuta nimepiga magoti
nachora mshale unaotazama kushoto,
chini kuliko mingine yote,
maana mama yangu ni mfupi.
Akasema, "Mita kumi na moja."
Nikasema, "Naam."
Akaziandika.

Desemba mvua zilipokolea, mama alikuja kizuizini na kapu.
Zamu ilikuwa yangu.
Nikaisoma orodha ya viingilio:
raia mtu mzima, mwanafunzi, mgeni, gari dogo, gari kubwa.
Nikageuza nyuma ya karatasi. Peupe.
Daftarini, penye "Lengo la safari",
akaniambia, "Andika uyoga."
Nikaandika uyoga.
Penye "Kiasi kilicholipwa" kalamu ilisimama muda mrefu,
hadi akachoka kuningoja,
akainama, akapita chini ya mti wa kizuizi
kama anavyopita chini ya kamba ya kuanikia nguo.

Jumamosi huja wanafunzi.
Ishirini na saba leo, viatu vyeupe, chupa za maji.
Kijana wa mbele anasimama penye mshale mfupi:
"Mwongozaji, mbona hapa tunazunguka hewa?"
Ninafungua mdomo nimweleze,
lakini ameshapinda,
na aliyemfuata amepinda,
hata wale wa mwisho kabisa, wanaosukumana na kucheka,
ambao swali hawakulisikia.