Wanne na Nusu

Umeme umekatika Walukuba tangu adhuhuri.
Nimekaa mlangoni na daftari la hesabu la Swadiki,
lile la miraba, kurasa za nyuma zilizobaki,
nimeandika juu: SAFARI. AGOSTI. WATU WATANO.
Kisha nikafuta watano, nikaandika wanne na nusu,
kwa kuwa Kaltuma hajatimiza miaka miwili
na mtoto wa kupakatwa, nilisikia, hupanda bure.
Si bure, akasema Sebit, ni asilimia kumi.
Kumbe hata mapaja yangu yana nauli.

Mdogo wangu Mastula ndiye aliyetuma picha.
Miaka sita anamwogesha bibi mmoja wa Verona,
na bibi ana nyumba kando ya ziwa, Malcesine,
vyumba viwili havina mtu.
"Njooni kabla hajafa," alisema, "wanawe watauza."
Nikaliandika hilo pia: kabla hajafa.
Nikaona haya. Nikaweka kikombe juu yake.

Akatufundisha kwa simu, sauti ikikatika:
Si Malsesine! Hiyo isome che,
che ya cheka, che ya chelewa.
Na ziwa huku linaitwa lago.
Sebit akainua kichwa kutoka kwenye redio anayoitengeneza.
Lago? Lago ni kambi, mahali msafiri anatua mzigo,
anapika, analala, alfajiri hayupo.
Hakuna aliyemjibu.

Swadiki ameleta atlasi ya shule.
Ziwa lao linajificha chini ya ukucha wake,
letu halienei kiganjani.
"Mama, tupande ndege kwenda kuona dimbwi?"
Dimbwi lenye milima, nikasema.
"Milima si iko Kabale?"
"Na ziwa liko," akadakia babake, "Bunyonyi, tena nauli ya basi."
Tukanyamaza wote.
Bunyonyi hatujafika hata mmoja wetu.

Naendelea kuandika. Viza. Bima.
Picha za pasipoti, masikio yaonekane.
Koti la Sebit, ambaye manyunyu ya Jinja tu humkohoza.
Unga wa muhogo, kilo mbili. Mukene wa kukaanga,
wafungwe mara tatu wasituumbue uwanjani.
Mtu wa kulisha kuku.

Mama yetu haulizi bei.
Anachambua mchele, uso ndani ya ungo, anauliza:
"Huyo bibi anaogeshwa kwa maji ya moto?"
Ya moto, mama, yanatoka ukutani.
"Na mgongo, anamsugua kwa nini?"
Sijui, mama.
"Utamuuliza. Au nitauliza mwenyewe."
Basi nikajua kuwa katika wale wanne
mmoja keshafunga mizigo.

Fomu ya ubalozi inataka ushahidi kwamba tutarudi.
Sebit ana barua ya kiwanda cha nguo
kilichomwachisha kazi kabla Swadiki hajazaliwa,
na hati ya kiwanja chenye kesi.
Mimi nina cherehani, na kitabu cha chama:
zamu yangu ya kupokea ni Novemba.
Nani atauacha mchezo wa fedha na zamu yake haijafika?
Nikaona huo ni ushahidi mzuri, nikaupigia mstari.

Halafu mkono ukawa mzito.
Fomu kama hii niliijaza miaka sita nyuma,
meza hii hii, Mastula akisoma, mimi nikiandika,
maana mwandiko wangu ndio mzuri.
Utarudi lini? Baada ya siku tisini.
Tulisema pamoja, kama watoto wanaosoma ubaoni,
na hakuna kati yetu aliyekuwa akidanganya.

Nimejumlisha mara mbili. Jumla inanitazama.
Chini yake pamebaki mstari mmoja:
tiketi za kurudi.
Sebit amerudi kwenye redio yake.
Nimeandika, kwa penseli, kidogo kidogo,
watano na nusu.
Bei yake sijaitafuta.